Prolegomena ni nini hasa? Si dibaji, si shukrani, na Kiswahili kina la kusema juu yake

DadaSteshenari (Tabora) ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tujadili neno moja ambalo sasa naliona mara kwa mara kwenye kazi za wanavyuo hapa Tabora: prolegomena. Kazi yangu ni kuchapa, kupanga na kubaindi ripoti na tasnifu, kwa hiyo kurasa za mwanzo nazijua kwa mpangilio wake: ithibati, ikirari, tabaruku, shukrani, ikisiri, yaliyomo. Juzi kijana mmoja kaniletea flashi, nafungua faili, nakuta baada ya tabaruku kuna kichwa PROLEGOMENA kwa herufi nzito, na chini yake anawashukuru mama yake, msimamizi wake na wenzake wa bweni. Namuuliza, ananijibu kwamba aliliona kwenye kitabu cha falsafa, akalipenda. Tukaandika SHUKRANI, kazi ikatoka. Ila neno lenyewe lina historia ndefu na uzito wake, na ninaona uchungu likitumika kama ua la kupachika juu ya ukurasa. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Asili yake ni Kigiriki cha kale. Pro ni kabla, au mbele ya. Legein ni kusema. Kwa hiyo prolegomenon ni jambo linalosemwa kabla, na prolegomena ni wingi wake: yasemwayo kabla. Karibu vitabu vyote vimechukua wingi, kwa kuwa yanayopaswa kusemwa kabla huwa mengi. Mzizi huohuo ndio uliozaa logos, ambayo tunayo mkiani mwa saikolojia, biolojia na teolojia, na ndio uliotupa leksikografia. Hivyo neno ni geni kwa sura tu, ndugu zake tunaishi nao.

Watu wengi wanalichanganya na prologi. Prologi ni ya jukwaani. Aristotle, anapochambua tanzia, anasema prologi ni sehemu yote inayotangulia kuingia kwa kundi la waimbaji. Katika tamthilia za Euripides mara nyingi anatoka mhusika mmoja, au mungu, anawaeleza watazamaji yaliyotokea nyuma ili wafuate kisa. Hiyo ni sehemu ya mchezo wenyewe. Prolegomena hazisimulii chochote. Zinauliza.

Na hapa ndipo penye utamu. Karne ya 5 na ya 6 BK, walimu wa falsafa mjini Alexandria, akina Ammonius mwana wa Hermias na wanafunzi wake, hawakuwa wakimfungulia mwanafunzi kitabu cha Aristotle siku ya kwanza. Walianza na prolegomena: falsafa ni nini, inagawanyika vipi, na mtu anapaswa kuwa na tabia gani ili aifundishe au ajifunze. Kisha kila kitabu kilikuwa na maswali yake ya mlangoni. Lengo lake ni nini? Kina manufaa gani? Kweli kimeandikwa na huyu anayetajwa? Kisomwe baada ya kipi? Kwa nini kimeitwa hivyo? Sura zake zimegawanywaje? Kiko chini ya tawi gani la falsafa?

Sasa fungua tasnifu yoyote iliyo mezani kwangu, Sura ya Kwanza: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo, maswali ya utafiti, umuhimu wa utafiti, mawanda. Ni jamaa ya maswali yale yale. Mwanafunzi wa Tabora anayelalamika kwamba Sura ya Kwanza ni utaratibu wa chuo tu, anafanya kazi iliyofanywa Alexandria miaka 1500 iliyopita, bila mtu kumwambia. Hilo ndilo linaloniuma. Tungewaambia, wangeziandika sura hizo kwa moyo, wasingenakili za mwaka jana na kubadilisha jina la wilaya.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Mwaka 1781 alitoa kitabu chake kikubwa cha uhakiki wa akili safi. Wasomaji walikiona kizito, na uhakiki mmoja uliotoka Göttingen mwaka 1782 ulimkasirisha kwa jinsi ulivyomwelewa. Mwaka 1783 akatoa kitabu kifupi zaidi, Prolegomena kwa kila metafizikia ijayo itakayoweza kujitokeza kama sayansi. Angalieni mpangilio huo: kimetoka baada ya kitabu kikubwa, na bado kinaitwa yasemwayo kabla. Kabla ya nini? Kabla ya metafizikia yenyewe, yaani falsafa inayohoji mambo yasiyofikiwa na hisi. Anawaambia wenzake wasimame kwanza, wajiulize kama fani hiyo inawezekana. Anauliza maswali manne: hisabati safi inawezekanaje, elimu safi ya maumbile inawezekanaje, metafizikia kwa ujumla inawezekanaje, na metafizikia kama sayansi inawezekanaje. Na anasema wazi kwamba hakuwaandikia wanafunzi, aliwaandikia walimu watakaokuja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Prolegomena ni kazi, tena kazi ngumu. Mkulima wa tumbaku wa huku kwetu anajua kwamba kitalu hakipandwi popote; unachagua mahali, unaangalia maji, unaandaa udongo, na yote hayo ni kilimo ingawa hakuna jani hata moja. Dibaji inamkaribisha msomaji. Shukrani zinalipa deni. Tabaruku inamtaja umpendaye. Prolegomena zinaamua kama kazi inawezekana, na kwa njia gani. Asiyefanya uamuzi huo asilitumie neno hilo.

Swali langu kwa wajuzi: Kiswahili tuliite nini? Utangulizi unatosha? Naomba kuwasilisha.

MseminariWaZamani ameandika:

Dada, hongera kwa uzi wenye nyama. Mimi nilipitia seminari ya Kipalapala, na kule neno hili si la mapambo. Kwenye teolojia ya mfumo, sehemu ya kwanza kabisa inaitwa prolegomena: ufunuo ni nini, Maandiko yana mamlaka gani, akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa kiasi gani. Hapo hujafika kwenye Utatu wala kwenye sakramenti.

Naongeza majina mawili ambayo mtu anayelipenda neno hili lazima ayajue. Friedrich August Wolf, mwaka 1795, alitoa prolegomena zake kwa Kilatini juu ya Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Alikuwa anaandaa matini ya tenzi zile, akajikuta analazimika kwanza kujibu: tenzi hizi zilitungwa na kusimuliwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, basi hiyo matini ninayotaka kuisafisha ni ipi? Toleo lake la Homer leo wanalikumbuka wataalamu wachache. Prolegomena ndizo zilizobadilisha usomaji wa Homer Ulaya nzima, na mjadala wake haujazimika. Wa pili ni Julius Wellhausen, ambaye kitabu chake juu ya historia ya Israeli kilipewa jina la Prolegomena mwaka 1883. Hoja yake ni kwamba huwezi kuandika historia ya Israeli ya kale kabla ya kupanga vyanzo vya vitabu vitano vya mwanzo vya Biblia kwa umri wake. Wengi hawakubaliani naye, hata mimi kwa mengi, lakini kila anayempinga analazimika kuanza pale alipoanzia.

Ila kuna mahali nakupinga. Umesema prolegomena zinaamua kama kazi inawezekana, kana kwamba ziko nje ya kazi, zimesimama mlangoni. Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, katika juzuu la kwanza la Dogmatiki yake, mwaka 1932, anasema kinyume. Kwake prolegomena za teolojia zinawezekana tu kama sehemu ya teolojia yenyewe. Huwezi kutoka nje ya imani, ukasimama mahali pasipo na upande, ukapima kama imani inawezekana, halafu ukaingia. Ile "pro", anasema, isomwe kama yale ya kwanza, na si yale ya kabla. Mimi naona ana haki, tena hata nje ya teolojia. Ukishauliza lengo la kitabu, umeshaanza kukisoma.

DadaSteshenari ameandika:

Ndugu yangu, nashukuru sana kwa Barth, nitayapima maneno yake. Lakini hata yeye kaandika juzuu zima la prolegomena. Hakuruka. Nadhani tunakubaliana kwamba maswali hayo yapo na yana uzito wake. Tunatofautiana kuhusu mahali mtu anaposimama anapoyauliza.

MwlKigoma ameandika:

Dada, mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mwanga, Kigoma, na jibu langu ni fupi: utangulizi unatosha.

Tazama neno lenyewe. Tangulia, tanguliza, utangulizi. Mwenye kutanguliza anaweka mbele kile kinachopaswa kuwa mbele. Hakuna tofauti ya maana na hicho Kigiriki chako. Tukianza kuchukua prolegomena kwa sababu ina historia ndefu, kesho tutachukua nyingine kumi, na mtoto wa kidato cha tatu atafungua kitabu akute kurasa tano za mwanzo haziko katika lugha yake.

Kuna jambo ambalo sisi wa mikoa hii tunapaswa kulikumbuka kuliko wengine. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora na alifundisha Tabora. Alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, aliandika mbele yake maneno machache kwamba Kiswahili ni lugha tamu na pana, ila utamu na upana huo utaongezeka tu ikiwa tutaitumia zaidi. Hoja nzito kama hiyo, ya kama lugha hii inaweza kubeba Shakespeare, kaimaliza kwa kurasa chache, bila kuhitaji jina la Kigiriki juu yake.

Na si kila kazi inahitaji kitu mbele yake. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapo hapo Tabora na ambaye njia za Unyamwezi na Ujiji alizipita miaka na miaka, alipoandika maisha yake kwa Kiswahili alianza moja kwa moja: alipofika miaka kumi na miwili alianza kusafiri safari za karibu. Basi. Msomaji yuko njiani tayari. Heinrich Brode alipokuja kuyachapisha huko Ujerumani mwaka 1902 na 1903, ndipo maelezo ya mtaalamu yalipowekwa. Mimi nafundisha kwa mfano ule. Anza.

DadaSteshenari ameandika:

Shikamoo mwalimu. Mfano wa Tippu Tip ni mzuri, na mtu anayesimulia maisha yake sina ugomvi naye, aanze. Lakini anayetaka kuandika historia ya Unyamwezi kwa kutumia simulizi la Tippu Tip hawezi kuanza hivyo. Lazima kwanza aulize: huyu ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa, anasimulia akiwa mzee, anamsimulia nani, ana sababu gani ya kukumbuka hili na kuacha lile? Watu waliotembezwa kwa minyororo kwenye njia hizo hawakuandika kitabu. Asipouliza hayo, atanakili macho ya mwenye msafara na kuyaita historia. Hapo ndipo ninaposema kuna kazi ambayo neno utangulizi, jinsi tunavyolitumia sasa, limeacha kuidai. Leo utangulizi ni aya tatu za kumwambia msomaji kuna sura ngapi.

UstadhiUjiji ameandika:

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Nimesoma tangu juu. Mwalimu wangu wa Mwanga na dada yetu wa Tabora mnagombea nyumba ambayo ina mwenyewe. Kiswahili kina neno mukadima. Sisi tuliosoma vyuoni Ujiji tumekua nalo. Kitabu cha fikihi, yaani sheria za dini, au cha nahau kikifunguliwa, mukadima ndio mlango wake.

Mzizi wake ni herufi za Kiarabu qaf, dal, mim, wenye maana ya kutangulia, kuwa mbele. Kiswahili kimeuchukua zamani. Mnaposema mtu amefedheheshwa kadamnasi, ni huohuo: mbele ya watu. Na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, anapoufungua Al-Inkishafi, maneno yake ya kwanza kabisa ni "Bismillahi naikadimu". Anaitanguliza Bismillahi. Basi mshairi wa Kiswahili wa zaidi ya miaka 200 iliyopita anatumia kitenzi cha mukadima kwenye mshororo wa kwanza wa utungo wake. Sidhani tunahitaji kibali kingine.

Sasa kuhusu uzito ambao dada anauogopea. Abdulrahman Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, alijitenga kwenye ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na mwaka 1377 akamaliza Mukadima wake. Mwenyewe anasema aliuandika kwa miezi mitano. Ulikusudiwa uwe mlango wa kitabu cha historia, Kitab al-Ibar. Lakini anauliza ndani yake: kwa nini wanahistoria wanadanganyika? Anajibu: kwa sababu wanapokea habari bila kuipima kwa tabia za jamii za watu. Anatoa mfano wa wale waliopokea kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu laki sita au zaidi. Anauliza jeshi kama hilo lingepangwaje vitani, safu zake zingeonana vipi, na nchi ile ingewalishaje. Kisha anaingia kwenye mshikamano wa koo, asabia, na namna dola zinavyozaliwa na kuzeeka. Hicho kitu kimoja ndicho kilichomfanya ajulikane dunia nzima. Historia yenyewe iliyofuata wanaisoma wachache, kama alivyosema ndugu wa Kipalapala juu ya Wolf.

Na sasa jambo litakalomfurahisha dada. Étienne Quatremère alipoichapisha matini ya Kiarabu huko Paris mwaka 1858, na baron de Slane alipoitafsiri kwa Kifaransa miaka ya 1860, waliipa jina gani? Prolegomena za Ibn Khaldun. Wazungu wenyewe walipotafuta neno la kubeba mukadima, hawakuchukua neno lao la dibaji. Walichukua hilo la Kigiriki. Kwa hiyo mlinganyo ulishafanywa. Sisi tunaurudisha tu nyumbani.

Maswali yale ya Alexandria nayo si mageni kwetu. Mwanafunzi wa elimu za dini anafundishwa beti za Sheikh Muhammad as-Sabban wa Misri, zinazosema kila fani ina mabadi kumi, yaani misingi kumi ya kuijua kabla ya kuingia: fasili yake, maudhui yake, tunda lake, uhusiano wake na fani nyingine, fadhila yake, aliyeiasisi, jina lake, inakochota, hukumu ya sheria juu ya kuisoma, na masuala yake. Soma tena orodha ya dada ya Alexandria. Lengo, manufaa, mwandishi, jina, tawi. Wanamantiki wa Kiarabu waliyapokea maswali ya Wagiriki na kuyaita vichwa vinane. Hata kitabu kidogo cha mantiki cha al-Abhari, kilichosomwa madrasa nyingi, kinaitwa Isaghuji, na hilo ni neno Isagoge la Kigiriki, jina la kitabu cha Porphyry cha kumwingiza mtu kwenye mantiki ya Aristotle. Kwa hiyo kijana wa Ujiji aliyekaa chini mbele ya sheikh wake akiimba beti za mabadi kumi, na mwanafalsafa wa Alexandria, wamekunywa maji ya mto mmoja.

La mwisho, dibaji. Asili yake ni Kiajemi, diba, kitambaa cha hariri chenye nakshi, ikapita Kiarabu ikawa dibaj, na dibaja ikawa jina la ufunguzi wa kitabu uliopambwa. Dibaji ni vazi zuri la kitabu, na kitabu kina haki ya kuvikwa. Ila mukadima si vazi. Msichanganye.

MwlKigoma ameandika:

Ustadhi, umeniletea hoja ambayo siwezi kuipita kimya. La "naikadimu" nalikubali kwa mikono miwili. Lakini wewe na mimi tuko Kigoma, na darasani kwangu nina watoto wa Kiha, wa Kibembe, wa Kimanyema, Wakristo na Waislamu. Utangulizi wanauelewa bila kuuliza. Mukadima watauliza. Sina kinyongo na neno. Nataka tu lisije likawa fimbo ya kumtambua nani kasoma chuo gani.

UstadhiUjiji ameandika:

Mwalimu, hofu yako ni ya haki. Lakini hapohapo darasani unafundisha shairi, beti na mizani, na hakuna mtoto anayeuliza ni maneno ya dini gani. Likifundishwa litakuwa la wote.

DagaaKibirizi ameandika:

Wakuu naomba msaada wa haraka. Utafiti wangu ni juu ya ukaushaji wa dagaa kwenye vichanja na kwenye mchanga pale Kibirizi, na upotevu wa samaki wakati wa mvua. Sura ya Kwanza niiite Prolegomena au Mukadima? Msimamizi anataka rasimu wiki hii.

DadaSteshenari ameandika:

Mdogo wangu, iite Utangulizi kama mwongozo wa chuo chako unavyosema. Njia yako ya kupima upotevu wa dagaa inajulikana, unaitumia tu. Huulizi kama upimaji unawezekana. Weka nguvu kwenye tamko la tatizo, na humo onesha mama mmoja anapoteza nini dagaa wake wakinyeshewa kabla ya kukauka. Hapo msimamizi atakusoma.

MwanaUnyanyembe ameandika:

Dada, mimi sikuwa nimepanga kuandika, ila ustadhi kanigusa. Kwa muda sasa ninakusanya maneno ya Kinyamwezi kutoka kwa wazee, nilitaka kutoa kamusi ndogo. Nimekwama na sikujua nilichokwama nacho kinaitwaje.

Shida ni hii. Kinyamwezi kina vokali saba. Herufi za Kiswahili zinatupa tano. Kuna i mbili na u mbili, na ukizichanganya unabadilisha neno. Kisha vokali ndefu na fupi zinatofautisha maana. Kisha toni, yaani sauti kupanda na kushuka. Babu yangu akitamka nasikia tofauti, nikiandika kwenye daftari maneno mawili yanakuwa moja. Je, i ya pili niiwekee alama? Urefu niuandike kwa herufi mbili? Toni niziache, kama Kirundi na Kinyarwanda zinavyoachwa katika maandishi ya kawaida, au kwenye kamusi niziweke? Na niandike kwa matamshi ya Unyanyembe au ya kaskazini huko Nzega? Kila nikichagua, kamusi nzima inabadilika, mpaka mpangilio wa alfabeti.

MseminariWaZamani ameandika:

Ndugu, hizo ndizo prolegomena. Huna haja ya kutafuta nyingine. Hata Louis Hjelmslev, mwanaisimu wa Denmark, kitabu chake cha mwaka 1943 juu ya misingi ya nadharia ya lugha kilipotafsiriwa kwa Kiingereza kilipewa jina hilohilo, maana kilihusu yanayopaswa kuamuliwa kabla ya kuieleza lugha yoyote. Na ona: hujayaamua ukiwa nje. Umeyakuta daftarini, katikati ya maneno ya babu yako. Ndicho alichosema Barth.

DadaSteshenari ameandika:

Nakubali, ndugu. Katika hili la Kinyamwezi naona wazi kwamba maswali yametoka ndani ya kazi.

MwanaUnyanyembe, ushauri wangu ni huu: usisubiri kamusi. Toa kwanza kijitabu cha maswali hayo na uamuzi wako kwa kila moja, na maneno ya mfano uliyoyasikia mwenyewe, jozi kwa jozi, ili anayesoma aone ni wapi herufi tano zinashindwa. Andika ni nani alikutamkia na anatoka kijiji gani, kama amekubali kutajwa. Hata kamusi isipokamilika, mwingine ataichukua kutoka hapo. Jina, mimi ningeandika Mukadima wa Kamusi ya Kinyamwezi.

MwlKigoma ameandika:

Hapo sina pingamizi. Hiyo ni zaidi ya utangulizi. Ila chini ya jina weka mstari mmoja wa kueleza: maswali ya kuamua kabla ya kuiandika lugha yetu. Mzee wa Nzega akikiona dukani ajue kinamhusu.

MwanaUnyanyembe ameandika:

Asanteni sana walimu wangu. Nitafanya hivyo. Dada, swali la kiufundi: kurasa hizo za maswali ya vokali nizipe namba za Kirumi, zile ndogo, kama mnavyofanya kwenye tasnifu?

DadaSteshenari ameandika:

Hapana. Namba za Kirumi ni za kurasa ambazo zikiondolewa kitabu bado kinasimama: tabaruku, shukrani, dibaji, yaliyomo. Dibaji muombe mwalimu wa Kigoma akuandikie, hiyo tutaipa namba za Kirumi. Swali la vokali saba lianze ukurasa wa 1. Fonti nayo tuiangalie mapema, maana si zote zina i na u zenye alama chini au juu, nyingine zinatoa kiboksi kitupu ukichapa. Niletee kurasa chache kwanza tuzijaribu kwenye printa kabla hujaendelea kuandika.